Miaka 45 ya Daftari: Historia ya Kliniki ya Kisukari Muhimbili, 1981–2026

Kabla ya 1981

Kwa muda mrefu madaktari waliofanya kazi katika Afrika ya kitropiki waliamini kuwa kisukari ni ugonjwa adimu kwa Mwafrika. Haikuwa imani ya wajinga. Wodini waliona malaria, kifua kikuu, surua, utapiamlo na kina mama waliopata matatizo wakati wa kujifungua. Mgonjwa wa kisukari alionekana mara moja moja, na aghlabu alikuwa mfanyabiashara au ofisa mwenye kitambi. Lakini imani hiyo ilikuwa na tundu moja kubwa: ni wachache mno waliokuwa wamehesabu.

Mtoto wa kijijini ambaye kongosho lake limeacha kutengeneza insulini hunywa maji mfululizo, hukojoa usiku kucha, hukonda mbele ya macho ya wazazi wake, kisha huanza kuhema kwa nguvu na kupoteza fahamu. Ndani ya wiki chache amefariki. Nyumbani watasema ni malaria iliyopanda kichwani, au ni mkono wa mtu. Asipopimwa mkojo wala damu, kifo chake hakiingii kwenye hesabu yoyote ya kisukari. Hivyo ugonjwa ulionekana adimu kwa sababu waliougua vibaya zaidi hawakuishi hadi kufika mbele ya daktari mwenye kipimo.

Insulini yenyewe haikuwa ngeni. Iligunduliwa Toronto mwaka 1921, na Januari 1922 mgonjwa wa kwanza akachomwa sindano. Kilichokosekana Tanganyika, na baadaye Tanzania, kilikuwa mahali pamoja ambapo mtu mwenye ugonjwa huu angeandikishwa, akafuatiliwa, akarudi, na asiporudi mtu akauliza yuko wapi.

Mahali hapo palikuja kuwa Muhimbili. Hospitali hii ina nasaba ndefu. Mwaka 1897 ilifunguliwa Dar es Salaam hospitali iliyojengwa kwa fedha za Sewa Haji Paroo, mfanyabiashara mwenye asili ya India aliyejipatia utajiri Bagamoyo kwa biashara ya misafara ya bara. Mwaka 1956 serikali ya kikoloni ikafungua hospitali mpya ya Princess Margaret kuchukua nafasi yake. Baada ya Uhuru jina la binti mfalme likaondoka, likaja la Muhimbili. La Sewa Haji limebaki kwenye jengo la wodi, na wagonjwa hulitaja kila siku bila kujua lilikotoka. Mafunzo ya udaktari yalianza mwaka 1963, na mwaka 1976 hospitali na kitivo cha tiba vikawekwa chini ya uongozi mmoja, Muhimbili Medical Centre. Muungano huo ulikuwa na faida isiyosemwa sana: daktari aliyemtibu mgonjwa asubuhi ndiye aliyefundisha mchana na kufanya utafiti jioni, na mafaili yote yalikuwa chini ya paa moja.

1981–1987: Wagonjwa 1,250

Kazi ilianza wakati mgumu. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha miaka miwili tu iliyopita, fedha za kigeni hazikuwepo, na Dar es Salaam ilikuwa jiji la foleni. Watu walipanga foleni ya unga, ya sabuni na ya sukari. Aliyekosa sukari ya chai dukani angeweza siku hiyohiyo kuambiwa hospitalini kuwa anayo nyingi mno mwilini. Dawa za hospitali zilitegemea misaada na bajeti iliyokuwa ikipungua thamani kila mwezi.

Aliyeshika usukani alikuwa Profesa Donald McLarty, daktari wa Scotland aliyekuwa amefanya utafiti Glasgow kabla ya kuja kufundisha tiba Muhimbili. Pamoja naye walikuwa madaktari vijana wa Kitanzania, wakiwemo Andrew Swai na Janet Lutale, ambao majina yao yatakutana na msomaji tena. Uamuzi wao wa kwanza ulikuwa rahisi kuutamka na mgumu kuutekeleza: kila mgonjwa mpya wa kisukari anayefika Muhimbili aandikishwe kwa utaratibu mmoja. Umri, uzito, kimo, kazi, dalili alizokuja nazo, dawa aliyoanzishwa. Kisha afuatiliwe miaka.

Kati ya 1981 na 1987 waliandikishwa wagonjwa 1,250. Kati yao, 272 hawakuweza kuishi bila insulini, 825 walidhibiti ugonjwa kwa chakula au vidonge, na 153 hawakuingia vizuri katika kundi lolote. Kundi hilo la mwisho lastahili kuangaliwa. Mgawanyo uliotumika ulitoka Ulaya na Marekani, ambako aina moja ilijulikana kuwa ya vijana wembamba na nyingine ya watu wazima wanene. Dar es Salaam walikuja watu wazima wembamba, na wengine walioanza na sindano wakaja kuiacha, na wengine kinyume chake. Badala ya kuwalazimisha waingie katika safu isiyowafaa, watafiti waliwaandika kuwa aina yao haijulikani. Nadhani huo ndio unyoofu ulioifanya kazi hii iaminike kokote iliposomwa.

Matokeo yalichapishwa katika makala mbili zilizofuatana kwenye British Medical Journal mwaka 1990. Ya kwanza ilieleza wagonjwa walivyokuwa walipofika. Ya pili ilieleza yaliyowapata baadaye, na hiyo ndiyo chungu zaidi: watu 205 walijulikana kuwa wamefariki. Waliokuwa wakitegemea insulini waliuawa hasa na sumu ya ketoni, yaani hali inayompata mtu anapokosa insulini. Wengine walikufa kwa maambukizi. Wengi wa hao waliotegemea insulini hawakuuawa na matatizo ya uzeeni yaliyojaza vitabu vya Ulaya, kama moyo na figo zilizochakaa baada ya miaka 30. Walikufa mapema, kwa mambo ambayo dawa ilikuwepo duniani kuyazuia.

1985: Chama cha Kisukari

Ilikuwa wazi kwamba kliniki peke yake haitoshi. Mwaka 1985 kikaanzishwa Chama cha Kisukari Tanzania, ambacho Profesa Swai alikuja kukiongoza kwa miaka mingi. Wagonjwa na watabibu walikaa meza moja, jambo lisilo la kawaida katika hospitali zetu, ambako mgonjwa hungoja kuitwa jina kisha akajibu anachoulizwa. Chama kilibeba yale yasiyobebeka dirishani kwa daktari: elimu kwa umma, mafunzo kwa wahudumu wa mikoani, na sauti ya kudai insulini.

Elimu hiyo ilikuwa ya mambo ya kawaida kabisa. Insulini huharibika kwa joto, na kaya nyingi hazina jokofu; basi chupa ikae ndani ya chungu au mtungi wenye unyevu, kivulini, mbali na jiko. Sindano ichomwe sehemu tofauti kila mara, tumboni, pajani, juu ya mkono, ili nyama isifanye uvimbe. Mgonjwa asichome insulini kisha akaondoka kwenda shamba bila kula. Atembee na kitu kitamu mfukoni, maana sukari ikishuka ghafla hakuna muda wa kwenda dukani. Mambo haya hayahitaji maabara. Yanahitaji muuguzi mwenye subira na dakika 20 za kukaa na mtu, na katika historia yote ya kliniki wauguzi ndio waliozitoa dakika hizo.

1989: Vijiji sita

Daftari la hospitali huonyesha waliofika tu. Je, wasiofika? Kujibu swali hilo timu ya Muhimbili, ikishirikiana na Profesa George Alberti wa Newcastle, Uingereza, ilitoka nje ya jiji. Ilichagua vijiji sita katika mikoa ya Kilimanjaro, Morogoro na Mara, na kupima watu zaidi ya 6,000 wenye umri wa miaka 15 na kuendelea.

Kipimo kilichotumika si cha kuchomwa kidole na kuondoka. Mtu hufika asubuhi bila kula chochote tangu usiku, hupewa kinywaji chenye gramu 75 za glukosi, kisha husubiri saa mbili nzima ndipo damu ipimwe. Kwa mkulima, hizo ndizo saa za kuwa shambani kabla jua halijawa kali. Kuwakalisha maelfu ya watu chini ya mwembe tumbo likiwa tupu, tena wengi wao wakijiona wazima kabisa, hakuwezekani bila viongozi wa vijiji, wahudumu wa zahanati na maelezo mengi ya mdomo.

Jibu lilitoka kwenye The Lancet mwaka 1989: wenye kisukari walikuwa asilimia 0.87. Mtu angeweza kusema, basi wakoloni walikuwa sahihi, ugonjwa ni adimu. Watafiti hawakusoma hivyo. Waliona kwamba ni mdogo kwa watu wanaolima kwa jembe la mkono, wanaotembea kwa miguu na wanaokula walichovuna, na swali likawa nini kitatokea maisha hayo yakibadilika.

Dalili ya jibu ilikuwepo karibu, ndani ya Dar es Salaam. Dakta Kaushik Ramaiya na wenzake walipopima jamii za Watanzania wenye asili ya Asia walikuta kiwango kikubwa mara nyingi kuliko cha vijijini, tena kikitofautiana kati ya jumuiya na jumuiya ya Wahindu wa jiji hilohilo.

1992: Bei ya kuishi

Katika machapisho yote ya Muhimbili kuhusu kisukari, moja kwa maoni yangu linasimama peke yake. Lilitoka British Medical Journal mwaka 1992, na kichwa chake kiliuliza kama ni lazima kisukari kiwe ugonjwa wa kuua katika Afrika. Badala ya kujibu kwa hisia, waandishi walijibu kwa hesabu za fedha.

Walijumlisha gharama za matibabu za mwaka 1989/90. Mgonjwa anayetegemea insulini aligharimu wastani wa dola 287 za Marekani kwa mwaka. Asiyeitegemea, dola 103. Kwa yule wa kwanza, insulini peke yake ilikula dola 156, zaidi ya theluthi mbili ya gharama zake za kliniki bila kuhesabu kulazwa. Wakati huo bajeti ya serikali kwa afya ilikuwa kama dola 2 kwa kila Mtanzania. Kwa maneno mengine, kumweka hai kijana mmoja wa kisukari kwa mwaka kulihitaji fungu la afya la watu zaidi ya 140.

Hesabu hiyo iliwatoa wengi jasho, na ilitumika kwa namna mbili. Kuna waliosema nchi maskini haiwezi, ielekeze fedha kwenye chanjo. Waandishi walikusudia kinyume: kama kinachoua ni bei, basi bei ndiyo ya kushughulikiwa. Mtu hafi kwa kuwa ni Mwafrika.

Mazingira ya tiba nayo yalikuwa yakibadilika. Marufuku ya tiba binafsi ya mwaka 1977 iliondolewa 1991, na baadhi ya wagonjwa wenye uwezo wakahamia hospitali za binafsi. Julai 1993 uchangiaji wa gharama ukaanza katika hospitali za serikali. Mwaka huohuo ikapitishwa sheria ya kuunda Bohari ya Dawa. Kwa mgonjwa wa malaria kuchangia ni jambo la siku moja. Kwa mgonjwa wa kisukari ni kila mwezi, maisha yote, na ndiyo maana wagonjwa hawa wamekuwa wa kwanza kuhisi kila mabadiliko ya sera, yakiwa mazuri au mabaya.

1992–2004: Kutoka kitandani hadi mtaani

Mwaka 1992 ulianza mradi mkubwa uliofuatilia magonjwa na vifo vya watu wazima, ukifadhiliwa na Uingereza na kuendeshwa na Wizara ya Afya pamoja na Chuo Kikuu cha Newcastle. Profesa McLarty alikuwa miongoni mwa waasisi. Mradi huo, AMMP, ulifuatilia kaya katika sehemu tatu: Dar es Salaam, Hai na Morogoro Vijijini. Wadadisi walipita nyumba kwa nyumba, na palipotokea msiba walirudi baada ya siku za matanga kuwauliza ndugu kwa upole jinsi marehemu alivyougua, ili chanzo cha kifo kikadiriwe. Ulifungwa mwaka 2004, na kwa miaka hiyo ulikuwa kati ya vyanzo vichache vya kuaminika kuhusu kinachoua watu wazima Tanzania.

Katika kazi hiyo ndipo lilipopatikana jibu la swali la vijiji sita. Utafiti uliochapishwa mwaka 2000 ulilinganisha mtaa wa Ilala, Dar es Salaam, na kijiji cha Kilimanjaro. Mjini, wanaume 5.9 kati ya 100 walikuwa na kisukari; kijijini 1.7. Kwa wanawake ilikuwa 5.7 mjini na 1.1 kijijini. Nchi ileile, watu walewale, na pengo la mara tatu hadi tano.

Baadaye watafiti waliwafuata watu waliohama Morogoro Vijijini kwenda Dar es Salaam na kuwapima kabla na baada. Ndani ya miezi 12 tu walikuwa wameongezeka zaidi ya kilo 2 kwa wastani, na kazi za nguvu zimeshuka sana, hasa kwa wanaume. Aliyewahi kuhama anajua. Jembe limebaki nyumbani, daladala imechukua nafasi ya miguu, na chipsi mayai zinauzwa kila kona hadi usiku wa manane.

Miguu na mikono

Ukiuliza ulimwengu wa kisukari unaijua Muhimbili kwa nini, wengi watakujibu: miguu. Katika eneo hili Dakta Zulfiqarali Abbas na wenzake wameandika mengi, na mengi kati ya hayo hayakuwahi kuandikwa kabla.

Sukari ikikaa juu miaka mingi huharibu mishipa ya fahamu. Mguu hufa ganzi. Mtu hukanyaga msumari akatembea nao mchana kutwa, au huvaa kiatu kipya kinachobana akakuta jioni ngozi imechunika bila kuhisi. Kidonda huingiwa na vijidudu, huoza kimyakimya, na mgonjwa huja hospitalini pale harufu inapoanza kuwasumbua wenzake nyumbani. Kabla ya hapo amekwisha kupaka majani, spiriti, hata maji ya betri.

Kati ya 1997 na 1998 timu ilifuatilia wagonjwa 627 wa kliniki. Wenye vidonda vya miguu walikuwa 92, sawa na asilimia 15, na karibu theluthi yao waliishia kukatwa. Waliokuja wakiwa wamechelewa sana na wasikatwe walikufa kwa wingi. Funzo lilikuwa kali: upasuaji wa mapema, hata wa kukata, uliokoa maisha, na kuchelewa kuliua kuliko kisu.

Jambo lililowashangaza wasomaji wa ng'ambo ni panya. Wagonjwa kadhaa walifika na vidonda vya ajabu kwenye vidole, na walipohojiwa ikabainika kuwa wameumwa na panya usingizini. Mwenye miguu yenye ganzi haamki panya anapotafuna. Huamka asubuhi akaona damu kwenye shuka. Matokeo yalichapishwa mwaka 2005, na ushauri wake ulikuwa wa kawaida kabisa: lala ndani ya chandarua kilichochomekwa, nyumba isiwe na mabaki ya chakula, kagua miguu kila unapoamka.

Mikono nayo ina habari yake. Mwaka 2002 taarifa ya kila wiki ya CDC, kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, ilitoa habari kutoka Dar es Salaam kuhusu hali iliyokwisha kuelezwa Nigeria miaka ya 1980. Mgonjwa hukwaruzwa kidogo mkononi, au huumwa na mdudu, kisha mkono huvimba hadi kiwiko kwa siku chache, na asipowahi hupoteza vidole, mkono au uhai. Daktari wa zahanati asiyeijua hali hii atampa mgonjwa vidonge na kumwambia arudi wiki ijayo, na wiki ijayo ni kuchelewa.

Kutokana na uzoefu huo Tanzania ilikuwa kati ya nchi za mwanzo, pamoja na India na majirani zake, kuingia mwaka 2004 katika mradi wa kimataifa wa kufundisha huduma za mguu hatua kwa hatua. Daktari na muuguzi kutoka hospitali moja walifunzwa pamoja, wakapewa vifaa vya kuanzia, wakarudi kwao kuanzisha kliniki ya miguu. Wagonjwa walifundishwa wasitembee peku hata ndani ya nyumba, wasiote moto miguu, wasichonge sugu kwa wembe, na watie mkono ndani ya kiatu kabla ya kukivaa. Yeboyebo na katambuga, kwa bei zake nafuu, zikaanza kuzungumzwa kliniki kama suala la tiba.

Watoto, figo, na waliofuata

Watoto walichelewa kupata nafasi yao. Mwaka 2007 madaktari wa Muhimbili walichapisha katika Diabetes Care utafiti wa matatizo ya watoto na vijana wa kisukari wanaohudumiwa hapo, na mwaka 2008 mafunzo ya madaktari bingwa wa homoni za watoto yakaanza Nairobi kwa ajili ya Afrika nzima. Mipango ya kimataifa ya kuwapa watoto insulini bila malipo nayo iliingia nchini miaka hiyo. Kwa upande wa figo, Dakta Lutale alishirikiana na watafiti wa Bergen, Norway, kuchunguza protini katika mkojo wa wagonjwa wa Dar es Salaam, dalili ya mapema kuwa figo zinaanza kuumia.

Ukiangalia uongozi, awamu mbili zinajitenga wazi. Ya kwanza ni ya mwalimu kutoka nje aliyejenga utaratibu. Ya pili ni ya wanafunzi wake, waliogeuka maprofesa na mabingwa na kuupeleka utaratibu huo nje ya Muhimbili: kwenye Chama cha Kisukari, kwenye hospitali za binafsi, wizarani na katika vyuo. Taasisi yenyewe imebadilika sura mara kadhaa katika kipindi hicho. Kitivo kikawa chuo kikuu kishiriki mwaka 1991, Hospitali ya Taifa Muhimbili ikaundwa kwa sheria ya mwaka 2000, na chuo kikawa chuo kikuu kamili, MUHAS, mwaka 2007. Wagonjwa hawakujali sana vibao vya getini. Walijua siku yao ya kliniki.

Hatua kuu

| Mwaka | Tukio |
|---|---|
| 1897 | Hospitali ya Sewa Haji yafunguliwa Dar es Salaam |
| 1956 | Hospitali ya Princess Margaret, Muhimbili ya baadaye |
| 1963 | Mafunzo ya udaktari yaanza |
| 1976 | Muhimbili Medical Centre: hospitali na kitivo pamoja |
| 1981 | Uandikishaji wa wagonjwa wapya wa kisukari waanza |
| 1985 | Chama cha Kisukari Tanzania |
| 1989 | Utafiti wa vijiji sita, The Lancet |
| 1990 | Taarifa za wagonjwa 1,250, British Medical Journal |
| 1992 | Hesabu ya gharama. Mradi wa AMMP waanza |
| 1993 | Uchangiaji wa gharama hospitalini |
| 2000 | Ulinganisho wa mjini na kijijini. Hospitali ya Taifa Muhimbili |
| 2002 | Utafiti wa vidonda vya miguu. Taarifa ya mikono |
| 2004 | Mafunzo ya huduma za mguu hatua kwa hatua |
| 2006 | Umoja wa Mataifa waitambua Novemba 14 kuwa Siku ya Kisukari Duniani |
| 2007 | MUHAS. Utafiti wa watoto |
| 2012 | Utafiti wa kitaifa: asilimia 9.1 ya watu wa miaka 25–64 |
| 2019 | Mpango wa Taifa wa Magonjwa Yasiyoambukiza, Dodoma |
| 2023 | Bunge lapitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote |

Mstari wa 2012 usomwe pamoja na ule wa 1989. Makundi ya umri na namna ya kupima zilitofautiana, hivyo si haki kusema ugonjwa umezidi mara kumi. Lakini hakuna namna ya kuzisoma namba hizo mbili na kubaki ukiamini kwamba kisukari ni cha wachache.

Kazi iliyopo mezani

Wingi huo umebadilisha kazi ya kliniki ya Muhimbili. Zamani mgonjwa wa Singida au Lindi alilazimika kufunga safari hadi Dar es Salaam. Kwa msaada wa wafadhili, hasa World Diabetes Foundation ya Denmark, na kupitia Chama na Wizara, kliniki za kisukari zilifunguliwa katika hospitali za mikoa, kisha wilaya. Muhimbili sasa inapaswa kubaki na wale wagumu: mjamzito ambaye sukari haishuki, mgonjwa wa figo anayekaribia kusafishwa damu, mguu ulioshindikana mkoani, kijana aliyerudishwa wodini kwa ketoni mara ya tatu mwaka huohuo. Na wa kawaida bado wapo, kwa sababu anayekaa Tabata au Mbagala huona Muhimbili ni karibu.

Kipimo ambacho wataalamu wangependa kila mgonjwa akipate ni kile kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi mitatu iliyopita. Sukari ya asubuhi moja hudanganya. Mtu anaweza kujinyima siku mbili kabla ya kliniki ili apate namba nzuri mbele ya daktari, na wauguzi wazoefu wanawajua hao kwa sura. Cha miezi mitatu hakidanganyiki kirahisi. Lakini ni ghali zaidi, na vijiti vya kupimia nyumbani navyo huisha haraka. Anayechoma insulini mara mbili kwa siku anahitaji kujipima angalau mara mbili, na vijiti 60 kwa mwezi kwa familia yenye kipato cha kibarua ni fedha ya ada ya mtoto.

Hapo ndipo sheria ya bima ya mwaka 2023 inapoingia. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, uliopo tangu 1999, uliwafikia kwanza watumishi wa umma. Wakulima, mama lishe na bodaboda wengi walibaki kulipa taslimu. Utekelezaji wa bima kwa wote utaamuliwa kwa mambo madogo yanayoandikwa kwenye kitita cha huduma: kama insulini imo, ya aina gani, kama vijiti vimo, vingapi, na kama zahanati ya kata itaruhusiwa kuvitoa au mgonjwa atarudi kupanda basi.

Kliniki ina cha kuchangia katika majadiliano hayo. Kabla ya makala ya 1992 ilikaa na kuhesabu gharama za mgonjwa mmoja mmoja, dola kwa dola, na kuzichapisha. Insulini imebadilika tangu hapo, vipimo vimebadilika, shilingi imebadilika zaidi ya vyote. Hesabu mpya ya namna ileile, kwa wagonjwa wa leo, ingewasaidia wanaoandika kitita.